Shilingi yetu ya Tanzania na ya Kenya zilikuwa moja kwa moja. Pengo lilianza lini hasa?

#1 Gunia Mia (Kibaigwa)

Wakuu, habari za jioni.

Leo mvua imetupiga hapa soko la mahindi Kibaigwa, Dodoma, magari hayapakii, mzani nimefunga saa tisa. Huu uzi nimetaka kuuleta muda mrefu, ila kila nikianza kuandika naikumbuka hela yangu, roho inauma, naacha.

Kisa ni hiki. Katikati ya 2022 niliuza mahindi kwa mnunuzi wa Kenya, akanilipa taslimu laki nne za kwao. Moja yao ilikuwa 19 na nusu yetu, yaani milioni saba na laki nane za madafu (shilingi zetu). Mzee mmoja hapa sokoni akaniambia, "Usichenji, hela ya Kenya ngumu, iache ikae." Nikaiweka sandukuni chini ya vitenge vya mama watoto.

2023 yote naiangalia inashuka: 18, 17, 16. Januari 2024 dola kule Nairobi ikafika shilingi 160, na huku kwetu ile moja yao ikawa 15 na ushee. Usingizi ukakata. Wiki ya mwisho ya Januari nikaulizia Dodoma mjini, dirishani wananipa 14 na kitu, nikaona hapana. Nikapanda basi la Arusha kupitia Kondoa na Babati, nikachenji zote kwa 15.4. Milioni sita, laki moja na sitini elfu. Piga hesabu mwenyewe: milioni moja na laki sita na nusu hivi zimeyeyuka bila panya kugusa sanduku.

Mwisho wa Machi, miezi miwili tu, hela ile ile imerudi 19. Nilikaa kwenye roba la alizeti nikacheka peke yangu, vijana wakadhani nimepata habari njema.

Ndipo nikaanza kufukua hivi viwango vilikotoka. Tuanzie mwanzo.

Kabla ya 1966 Kenya, Uganda na sisi tulikuwa na shilingi moja ya Afrika Mashariki, ilikuja 1921 chini ya Bodi ya Sarafu iliyokuwa London. Shilingi 20 ni pauni moja, basi. Benki Kuu yetu ikafungua milango 14 Juni 1966 na shilingi yake. Ya Kenya ikaingia Septemba mwaka huo huo. Zote mbili zilitoka tumbo moja: dola moja shilingi 7 na senti 14, na moja yetu kwa moja yao. Waingereza waliposhusha pauni Novemba 1967, sisi na Wakenya hatukufuata, pauni ikashuka kutoka 20 hadi 17 na senti 14. Oktoba 1975 wote tukahama dola, tukajifunga kwenye kapu la sarafu la Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) linaloitwa SDR, kiwango kile kile, shilingi 9.66 kwa SDR moja. Yaani mapacha hasa, nguo sare.

Sasa angalia hapa. Nimechukua wastani wa dola kwa kila mwaka pande zote mbili, nikagawanya. Moja ya Kenya kwa shilingi zetu, kwa makadirio:

1978 – 1
1983 – 0.84 (umesoma sawa, nitairudia)
1985 – 1.06
1986 – 2
1987 – karibu 4
1988 – 5.6
1990 – 8.5
1993 – 7
1995 – 11
2000 – 10.5
2006 – 17.4
2010 – 17.8
2015 – 20
2018 – 22
2022 – 19.5
2023 – 17

Nilikuwa naamini tumekuwa tukiteleza kidogo kidogo tangu Uhuru. Kumbe hapana! Kati ya 1985 na 1995 tulitoka moja hadi kumi na moja. Miaka karibu thelathini iliyofuata, kutoka 11 hadi kwenye 20, hata mara mbili haijatimia vizuri. Na tangu 2006 tunazunguka hapo hapo, 15 hadi 22, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi.

Wazee mliokuwepo miaka ile, tupeni nondo. Naomba kuwasilisha.

#2 Mkaka wa Area C

Pole kwa hasara mkuu. Ila jibu mbona liko wazi? Uchumi wa Kenya mkubwa kuliko wetu, viwanda wanavyo, ndiyo maana moja yao ni ishirini yetu. Tusijidanganye na historia.

#3 Binti Kondoa

Kaka wa Area C, nina swali dogo. Mwaka 2024 yeni moja ya Japani ilikuwa kama shilingi 17 za kwetu. Ya Kenya ilikuwa kwenye 19. Kwa hesabu yako Kenya imeipita Japani?

#4 Mkaka wa Area C

Dah. Nimekaa.

#5 Gunia Mia

Hahaha dada umemmaliza mapema, uzi hata haujapoa.

Ngoja nirudie ile 0.84. Mwaka 1983 dola kwetu ilikuwa wastani wa shilingi 11 na kidogo, kwao 13 na kidogo. Maana yake kwa karatasi za serikali shilingi yetu ilikuwa NA NGUVU kuliko ya Kenya. Mwaka 1983! Mwaka wa foleni za sabuni! Kuna mtu anaweza kunieleza?

#6 Mgogo Mstaafu (Dodoma Makulu)

Wanangu, nimeusoma huu uzi mara mbili na miwani. Nilikuwa karani wa stoo hapa Dodoma miaka hiyo, acha niwaeleze ninachokikumbuka.

Nina kopo la maziwa ya unga ambalo natunzia sarafu. Ndani yake kuna shilingi yetu ya 1966, upande mmoja Mwalimu, upande wa pili mwenge. Kuna na ya Kenya ya mwaka ule ule, yenye Mzee Kenyatta. Ukifumba macho ukazipapasa huwezi kusema ipi ni ipi: upana ule ule, uzito ule ule. Mwanzoni ukienda nazo Moshi au Voi hakuna aliyekuuliza, zinabadilishwa moja kwa moja. Ni 1971 ndipo udhibiti wa fedha ulipofika hadi kwenye mpaka wetu na Kenya.

Halafu yakaja yote kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, mpaka ukafungwa Februari na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Bei nzuri ya kahawa ikapita. Vita ya Kagera 1978 na 1979. Mafuta yakapanda dunia nzima. Mvua zikagoma, na nyie wa huku mnajua Dodoma mvua ikigoma maana yake nini. Serikali ikachapa fedha kulipia mambo, bei zikapanda kwa asilimia 30 hivi kwa mwaka, lakini kiwango cha dola kikasogezwa kidogo tu kwa sababu Mwalimu hakutaka kushusha thamani. Wakenya walikuwa wameshaanza kushusha yao mwaka 1981 na 1982. Hiyo ndiyo 0.84 yako. Wao walikuwa wanapunguza, sisi tumeshikilia.

Lakini mwanangu, kile kilikuwa kiwango cha nani? Dola ya kiwango hicho uliipata kwa kibali, na kibali hukukipata. Mtaani, kwa magendo, shilingi ya Kenya ilikuwa inanunuliwa kwa shilingi zetu kadhaa, na kila mwezi zinaongezeka. Mafuta ya Kimbo, sabuni, dawa ya meno, vilipita njia za panya hadi Arusha, vikashuka hadi huku vikiwa vimefichwa chini ya magunia. Jirani akivaa kanga mpya hatukuuliza imetoka wapi. Tulisema tu imekupendeza.

1983 ikaja vita ya wahujumu uchumi, yaani msako wa walanguzi na walioficha bidhaa, chini ya Waziri Mkuu Sokoine. Hapa Dodoma watu walitupa bidhaa korongoni usiku. Asubuhi mimi mwenyewe niliona vipande vya sabuni kwenye mchanga, watoto wanaviokota wanakimbia. Hakuna aliyejua vya nani. Mwaka uliofuata, Aprili 12, Sokoine akitoka hapa hapa bungeni kurudi Dar, akapata ajali Dakawa. Nakumbuka redio ilivyopiga muziki wa maombolezo, stoo tukafunga bila kuambiwa na mtu.

Bajeti ya Juni 1984, Msuya akiwa Waziri wa Fedha, dola ikatoka 12 na ushee ikaenda 17. Wakaruhusu pia mwenye dola zake alete bidhaa, asiulizwe sana alizipata wapi. Madukani vitu vikaanza kuonekana, ila bei ni zile zile za magendo! Hapo ndipo wengi tulipoelewa kwamba shilingi ilishaanguka siku nyingi. 1986, Mzee Mwinyi ameshaingia urais, tukapatana na IMF, dola ikapelekwa hadi 40, mwakani 60 na kuendelea, 1990 karibu 200. Kwenye orodha yako inaonekana tumeanguka ghafla kutoka 1 hadi 8. Sisi tuliokuwa tunanunua sabuni hatukuona anguko lolote 1986. Tuliona serikali inasoma bei ambayo mlanguzi alikuwa anaisoma tangu 1981.

#7 Binti Kondoa

Shikamoo mzee. Huu mchango ungekuwa kitabu ningenunua. Hizo sarafu mbili unaweza kutupigia picha?

#8 Mgogo Mstaafu

Marahaba binti. Simu yangu ni ya tochi, hii nimeazima kwa mjukuu. Akirudi chuo nitamwambia.

#9 Dirisha Namba Tatu

Nafanya kazi ya fedha za kigeni hapa Dodoma, sitasema wapi. Gunia Mia, nataka nikuongezee kitu kuhusu hasara yako, maana naona unailaumu "hela ya Kenya" kama vile ina roho mbaya.

Kiwango cha shilingi yetu kwa ya Kenya hakina soko lake kubwa. Tunakipata kwa kupitia dola. Dola Dar ni shilingi ngapi, dola Nairobi ni ngapi, gawanya. Januari 2024: kwetu 2,500 na kitu, kwao 160, unapata 15.7. Kwa hiyo wewe wa Kibaigwa ukishika shilingi ya Kenya umeshika mambo mawili, dola ya Dar na dola ya Nairobi, na hakuna hata moja inayokujua.

Kilichotokea Nairobi ni deni. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa hati fungani ya Yurobondi, zinatakiwa zilipwe kwa mkupuo Juni 2024. Wawekezaji wakaingiwa hofu kwamba hazitalipwa. Mwenye dola akazikumbatia, anayehitaji dola akanunua mapema kwa bei yoyote. Februari 2024 serikali yao ikakopa upya dola bilioni 1.5, kwa riba kali ya karibu asilimia 10, ikatumia kununua sehemu kubwa ya lile deni la zamani. Hofu ikaisha kwa siku chache. Waliokuwa wamekumbatia dola wakakimbilia kuziuza, na shilingi ikapanda kutoka 160 hadi kwenye 130 kufikia mwisho wa Machi. Wewe ulichenji wiki mbili tu kabla.

Sasa orodha yako ina kitu hujakiona. Wastani wa mwaka unaficha. Oktoba 2011 shilingi ya Kenya ilifika 105 kwa dola, wakati mwanzoni mwa mwaka ilikuwa kwenye 80. Benki Kuu yao ikapandisha riba yake hadi asilimia 18 kufikia Desemba, na Januari 2012 dola ikawa 85 hivi. Kwa shilingi zetu: ilishuka hadi kama 16, ikarudi kwenye 19 ndani ya miezi mitatu. Hadithi yako hiyo hiyo, miaka kumi na miwili kabla.

#10 Mgogo Mstaafu

Na 1993! Nilitaka kusema nikasahau.

Kenya walitoka kwenye uchaguzi wa vyama vingi Desemba 1992, fedha zimechapwa kama njugu, halafu kuna ile kashfa ya Goldenberg ya watu kulipwa fidia kwa kuuza nje dhahabu ambayo haikuwepo. Bei kwao zikapanda kwa asilimia 46 mwaka huo. Shilingi yao ikaanguka hadi 60 na ushee kwa dola, na huku kwetu maduka ya kubadilisha fedha yalikuwa yameshahalalishwa tangu 1992, kwa hiyo tuliyaona yote ubaoni. Mwisho wa 1994 dola kwao ikawa 45 hivi. Shemeji yangu wa Babati alikuwa na ng'ombe aliowauza kwa Wakenya, akachenji kule chini kabisa, alipoona 11 ubaoni akalia. Gunia Mia, hukuwa wa kwanza mdogo wangu.

#11 Gunia Mia

Mzee wangu, Dirisha, nimesimama kuwasoma. Kwa hiyo 1993, 2011, 2024. Mara tatu inaanguka kama mwembe, mara tatu inainuka ndani ya mwaka mmoja au miwili. Yetu ndiyo haianguki kwa kishindo, inateleza pole pole, tena kurudi hairudi.

#12 Dirisha Namba Tatu

Kwa miaka mingi ilikuwa hivyo, ndiyo. Ila usiifanye sheria. Angalia 2024 yenyewe: katikati ya Oktoba dola kwetu ilikuwa inakaribia 2,730, Desemba ikashuka hadi kwenye 2,400. Hiyo siyo kuteleza pole pole. Nusu ya mwaka ya pili ndipo dola za utalii, dhahabu, korosho na tumbaku zinapoingia, halafu kuanzia Januari zinakauka. Na kwa kuwa Nairobi walikuwa wamekaa kwenye 129 bila kutikisika, mtikisiko wote wa kile kiwango miezi hiyo ulitoka upande wetu. Oktoba 2024 ya Kenya moja ilikuwa 21, Desemba 18 na nusu. Mkenya aliyeshika madafu miezi hiyo miwili alikuwa anachekelea.

#13 Semi ya Namanga

Mimi dereva, Dodoma Kondoa Babati Arusha Namanga, wiki mara moja. Nyie mnaongea mambo ya benki kuu, mimi niwaambie ya mpakani. Vijana wa chenji pale Namanga wana viwango viwili, cha kununua na cha kuuza, na tofauti yake inaweza kula mafuta yako ya kurudia. Ukifika na noti ndogo ndogo wanakupunguzia. Ukifika jioni magari yamejaa, wanakupunguzia. Hesabu hela yako MWENYEWE, usimpe akuhesabie, vidole vyao vina mafunzo.

Halafu kiwango siyo kila kitu. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu ghafla kwa sababu ya sumukuvu. Baada ya siku chache wakafungua kwa masharti ya vyeti, lakini siku zile nililala na tani zangu chini ya turubai. Hata kiwango kingekuwa 50 kingenisaidia nini?

#14 Mtoto wa Nkuhungu

Kwani serikali ikifuta sifuri mbili si tutawazidi Wakenya kesho asubuhi? 100 inakuwa 1. Mchezo umeisha.

#15 Binti Kondoa

Uganda walifuta sifuri mbili Mei 1987, shilingi mia za zamani zikawa moja mpya. Leo dola kwao ni zaidi ya 3,000. Sifuri zimerudi na wajukuu zake.

#16 Mtoto wa Nkuhungu

Nafuta comment.

#17 Mkaka wa Area C

Nimerudi baada ya kutafakari ile yeni. Kwa hiyo swali sahihi ni mshahara wa siku unanunua kilo ngapi za unga, huku na kule, siyo moja ni ngapi?

#18 Mgogo Mstaafu

Hapo umekuwa mtu mzima.

#19 Semi ya Namanga

Gunia Mia hujatuambia sasa hivi unafanyaje. Maana msimu umefika na Wakenya nawaona njiani.

#20 Gunia Mia

Jana alikuja mmoja, anataka mahindi tani kumi. Akanitajia bei kwa kilo kwa shilingi za kwao, simu mkononi inamwonyesha kiwango. Nikamwambia kaka, hapa Kibaigwa mzani wangu unaongea madafu. Taja bei kwa hela yangu, ingiza kwenye akaunti, gari lianze kupakia. Akanibishia nusu saa, akasema ana hasara ya kuchenji. Nikamwonyesha lile sanduku.

Tukagawana. Alipunguziwa shilingi kumi kwa kilo, nami nikapokea zangu kamili. Pale Dirisha Namba Tatu atasema nimemlipa laki moja ili abebe mzigo wa kiwango badala yangu. Nimekubali. Ule usingizi wa Januari 2024 ulikuwa ghali zaidi.

#21 Dirisha Namba Tatu

Nilikuwa naandika hivyo hivyo ukaniwahi.

#22 Binti Kondoa

Samahanini wakuu, mmenikumbusha kitu. Marehemu babu aliacha bahasha, ndani kuna noti 14 za elfu moja za Kenya. Zile kubwa za zamani. Kwa 20 si ni laki mbili na themanini? Nichenji sasa au nisubiri?

#23 Semi ya Namanga

Dada, za zamani zile za kabla ya 2019?

#24 Binti Kondoa

Ndiyo, zenye Kenyatta uso mzima.

#25 Dirisha Namba Tatu

Pole sana dada. Kenya walizifuta zile. Noti mpya zilitoka Juni 2019, na elfu moja za zamani zikaisha kazi 30 Septemba mwaka huo. Hakuna dirisha litakalozipokea, si huku si kule.

#26 Mgogo Mstaafu

Binti, usizitupe. Mjukuu akirudi na simu nitakutumia picha ya sarafu zangu mbili, nawe nitumie ya noti moja. Kopo bado lina nafasi.

#27 Binti Kondoa

Sawa mzee. Nitakuchagulia moja nzuri, maana tatu zina pembe zilizoliwa na mchwa.